Akiba ya uzeeni: kijana anunue nini kwanza?

Kijana aliyeanza kazi juzi akisikia neno pensheni huona mvi, basi anaahirisha. Tatizo ni kwamba kuahirisha nako kuna bei yake. Chukua 100 kila mwezi, sarafu yoyote ile, zikikua kwa asilimia 6 kwa mwaka. Ukianza na miaka 25, ukifika 65 una karibu 199,000. Ukianza na 35, una karibu 100,000. Katika ile miaka 10 ungeweka 12,000 tu, lakini pengo limekuwa nusu nzima, kwa sababu fedha za mwanzo ndizo zinazokaa muda mrefu zaidi zikizaa, na watoto wao, yaani faida, nao wakizaa.

Hivi ndivyo ninavyozipanga bidhaa za akiba zilizopo, nikianza na iliyo bora.

Ya kwanza: mfuko wa pensheni wa kazini, kama mwajiri naye anachangia. Ukiweka 100 naye akaongeza 50, umepata faida ya asilimia 50 siku hiyohiyo. Hakuna hisa inayokuhakikishia hivyo. Wapo wanaozikosa fedha hizo za mwajiri kwa sababu tu hawakujaza fomu. Nenda ofisi ya utumishi na maswali mawili: mwajiri anachangia mpaka kiwango gani, na mchango wake unakuwa mali yangu baada ya muda gani? Kwingine ukiacha kazi mapema unaondoka na ulichochanga wewe peke yako. Kisha linganisha hati yako ya mshahara na taarifa ya mfuko, mwezi kwa mwezi. Makato kuandikwa kwenye hati si ushahidi kwamba yamefika kwenye mfuko. Na ukihama kazi, uliza kama akiba inaweza kuhamishwa nawe. Kuichukua mkononi ni kuanza upya.

Ya pili: mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaofuata soko zima. Huu haumlipi bingwa wa kubahatisha hisa zitakazopanda. Unanunua kidogokidogo hisa za kila kampuni iliyomo kwenye orodha fulani ya soko, na kwa hiyo gharama zake ni ndogo. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, alipowafungulia watu wa kawaida mfuko wa aina hii huko Marekani mwaka 1976, alitarajia kukusanya dola milioni 150, akaambulia kama milioni 11. Walimcheka. Baadaye mifuko ya namna hiyo ikaenea duniani.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ada ndiyo inayowala watu bila kelele. Rudi kwenye zile 100 zetu za miaka 40. Mfuko ukikukata ada ya asilimia 0.2 ya akiba yote kila mwaka, unabaki na karibu 188,700. Ukikukata asilimia 1.5, unabaki na karibu 134,100. Tofauti ni zaidi ya 54,000, wakati wewe mwenyewe uliweka 48,000 tu! Kwa hiyo kabla ya kuuliza faida ya mwaka jana, uliza ada. Mwuzaji akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Usiweke zote kwenye soko la nchi moja, hata kama ni nchi tajiri. Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Japani, kilifika kileleni mwishoni mwa mwaka 1989 na hakikuvuka kilele hicho mpaka Februari 2024.

Ya tatu: hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Zimetulia, na mfumuko wa bei ndio adui wao mkubwa. Mwenye miaka 25 anahitaji chache. Mwenye 55 anahitaji nyingi.

Ya nne: akaunti ya muda maalumu, ambako benki inakufungia fedha kwa kipindi fulani na kukulipa riba. Kama akiba ya uzeeni, ni dhaifu. Na fedha za dharura, matumizi ya miezi 3 hadi 6, zisifungiwe humo: lazima ziwepo mahali salama unapoweza kuzifikia, la sivyo gari likiharibika utauza hisa siku zimeshuka.

Ya tano: nyumba ya kupangisha. Najua wengi wangeiweka juu. Mimi naishusha kwa sababu mali yote inakaa mtaa mmoja, mpangaji akihama mapato yanakata, na huwezi kuuza dirisha moja ukalipie matibabu. Ukiwa tayari una ile ya kwanza na ya pili, jenga.

Mipango ya kuzidisha fedha kwa wiki chache sikuipa nafasi. Tapeli Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45 kule Boston, Marekani, mwaka 1920, na wanaofuata nyayo zake hubadilisha jina tu.

Ya mwisho: bima ya maisha iliyochanganywa na akiba. Wenye wategemezi wanahitaji bima, lakini bima tupu ya maisha, isiyo na akiba ndani, ina bei nafuu zaidi, na akiba iwekwe kwingine. Hili nimelilipia. Nikiwa na miaka 24 rafiki aliyekuwa wakala alinijia na karatasi yenye mchoro wa mstari unaopanda. Nilisaini bila kufungua ukurasa wa makato. Mwaka wa tatu nikakwama, nikaomba kujitoa, nikarudishiwa chini ya nusu ya nilichokwisha kulipa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo, kwa herufi ndogo, ukurasa wa tisa.