Life is Strange: gemu ya kurudisha wakati nyuma, na deni analolipa Max

Max Caulfield ana miaka 18. Anasomea upigaji picha Blackwell Academy, shule ya Arcadia Bay, mji wa kubuniwa kwenye pwani ya jimbo la Oregon, Marekani. Jumatatu ya tarehe 7 Oktoba 2013 anajibanza chooni shuleni, anashuhudia msichana akipigwa risasi, ananyoosha mkono, na ghafla yuko tena darasani, dakika chache kabla ya tukio. Kuanzia hapo hadi Ijumaa ya wiki hiyohiyo, kila anachokiokoa kinaacha deni.

Gemu hii ilitengenezwa na studio ya Dontnod ya Paris, ikasambazwa na Square Enix. Ilitoka kwa sehemu tano: ya kwanza 30 Januari 2015, ya mwisho 20 Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 2016 ikapata tuzo ya hadithi ya BAFTA, tuzo za Uingereza za filamu na gemu. Umri wake unaonekana kwenye michoro, lakini kwa anayetaka hadithi ya kijana aliyebebeshwa nguvu asiyoiomba, bado ni chaguo zuri sana, na hata kompyuta ya zamani inaimudu.

Nguvu yenyewe inafanyaje kazi? Kwenye kompyuta unashikilia kitufe cha kulia cha kipanya, kwenye PlayStation L2, kwenye Xbox LT. Ukikishikilia, watu wanatembea kinyumenyume, sauti zinageuka, maji yaliyomwagika yanarudi kwenye glasi. Ukiachia, mambo yanaendelea kutoka hapo. Pembeni ya skrini kuna alama ya mviringo inayokuonyesha umerudi umbali gani, na vinukta vyake ni matukio yenye uzito.

Kanuni ya kushika mapema ni hii: dunia inarudi nyuma, Max harudi. Anabaki pale aliposimama, kitu alichokwisha kukichukua kinabaki naye, na alichokisikia anaendelea kukijua. Mafumbo karibu yote ya gemu yamejengwa juu ya hilo. Darasani mwalimu anauliza swali juu ya historia ya picha. Max hajui, mwenzake anajibu kwamba ni mbinu ya Louis Daguerre, wewe unarudisha wakati na safari hii unajibu wewe. Gereji ya kina Chloe, rafiki wa Max wa zamani, inadai zaidi kidogo. Vifaa viko juu, mashine ya kufulia ikiwashwa inavitikisa vinaanguka chini ya meza usikoweza kufikia. Rudisha wakati, tandika kipande cha boksi chini ya meza, washa mashine tena, kisha vuta boksi. Fumbo zuri kuliko yote liko sehemu ya 3, kwenye ofisi ya mkuu wa shule: mlango unavunjwa kwa kishindo, kengele inalia, Max anaingia ndani na ndipo unarudisha wakati. Mlango unakuwa mzima, kengele imenyamaza, naye yuko ndani tayari. Anafungua kwa ndani kama aliyekabidhiwa ufunguo. Anayekwama hapo huwa amerudisha wakati akiwa bado nje.

Mpaka wa nguvu nao ujulikane mapema. Unaweza kurudi ndani ya eneo ulilopo tu. Ukishatoka kwenda eneo jingine, uamuzi uliouacha nyuma umefungwa. Maamuzi mazito yanatambulika kwa alama ya kipepeo inayotokea pembeni, na gemu inakuruhusu ujaribu pande zote mbili kabla ya kuondoka. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mlango wa kutokea, zunguka, soma karatasi zilizobandikwa, zungumza na kila mtu. Anayepita mbio anafika sehemu ya 2 mikono mitupu, na sehemu ya 2 haina huruma.

Sasa tuje kwenye deni, maana hapo ndipo gemu ina nguvu na ndipo ina udhaifu. Max anatokwa damu puani, kichwa kinamgonga, mara nyingine anazirai. Lakini hayo hutokea pale tu watunzi walipopanga yatokee. Ukiwa mgahawani unaweza kurudisha wakati mara arobaini ili usikie kila jibu la kila mtu, na Max hatapepesa jicho. Ile alama ya mviringo inajaa tena bure. Nguvu ya kuua mwili kwenye hadithi inakuwa haina bei mikononi mwa mchezaji, na hilo ni kosa la usanifu. Hata kikomo kidogo cha matumizi kwa kila eneo kingemfanya mchezaji aogope pamoja na Max.

Deni lililofanikiwa ni la dunia nzima. Sehemu ya 1 inaishia kwa theluji kuanguka jioni ya joto. Ya 2 inaishia kwa kupatwa kwa jua ambako hakuna aliyekutabiri. Ya 3 nyangumi wamekwama ufukweni, ya 4 miezi miwili iko angani. Hakuna anayekueleza kwamba ni wewe uliyesababisha. Unaona tu, sehemu baada ya sehemu, hesabu ikipanda, na bado kitufe kiko chini ya kidole chako na bado unakibonyeza, kwa sababu aliye mbele yako anahitaji kuokolewa sasa hivi.

Asiyetaka kujua yaliyomo katika sehemu ya 2 aruke aya tatu zinazofuata.

Kate Marsh ni mwanafunzi mcha Mungu, mpole, anayedhihakiwa shule nzima kwa sababu ya video iliyosambazwa. Mwisho wa sehemu ya 2 yuko juu ya paa la bweni, maisha yake hatarini, na Max, aliyeitumia nguvu yake hadi ikamwishia, anabaki na maneno tu. Hapo hakuna kurudi nyuma. Kwa saa nne au tano gemu imekuzoesha kwamba kila kosa linafutika. Hapa inakunyang'anya kifutio na kukuuliza ulimsikiliza msichana huyu au ulimpita tu.

Jibu linategemea mambo uliyoyafanya mapema, mengine saa nzima kabla. Sehemu ya 1, mlinzi mkuu wa shule anapombana Kate nje, unaweza kuingilia kati au kupiga picha tu, ingilia. Sehemu ya 2, bafuni, anwani ya ile video imeandikwa kwenye kioo, ifute. Mgahawani Kate anapiga simu wakati Chloe anakuharakisha; pokea, hata kama Chloe atanuna. Na kabla hujatoka bwenini, ingia chumbani kwa Kate na utazame kila kitu: picha za familia, barua, Biblia. Juu ya paa utaulizwa nani anamjali, na ndugu zake wa kike ndio wa kutaja. Utaulizwa pia aya anayoipenda, nayo ni Mathayo 11:28, ile ya wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Anayeikumbuka aya hiyo kwa Kiswahili ataona mara moja kwa nini watunzi waliichagua. Ukikosea kidogo bado kuna nafasi; ukikosea mfululizo, haipo.

Dakika hizo chache zinatosha kuipa gemu hii heshima yake yote. Sehemu hiyo inapomalizika gemu inaonyesha anwani ya mtandaoni kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye, na hilo limefanywa kwa uangalifu unaostahili. Kwa mchezaji anayepitia kipindi kigumu, ushauri ni kucheza sehemu ya 2 akiwa na mtu karibu.

Sehemu ya 3 inaongeza nguvu ya pili: Max anaweza kuingia ndani ya picha aliyopigwa zamani na kubadilisha siku ile. Unasogeza vijiti vya pedi ya kuchezea mpaka taswira ikae sawa na sauti ya mle ndani isikike vizuri. Ni nguvu kubwa kuliko ya kwanza na deni lake linakuja palepale, bila kusubiri kile kimbunga ambacho Max anakiona kwenye maono kikiujia mji. Hapo wazo la gemu linakuwa wazi kabisa: kumwokoa mmoja ni kumhamishia mwingine mzigo, na aliyeshika nguvu ndiye anayelazimika kuchagua nani aubebe.

Yanayochosha yapo. Kwenye uwanja wa magari mabovu, sehemu ya 2, Chloe anakutuma chupa tano tupu, na eneo ni kubwa, halina ramani, wala chupa hazina uhusiano na hadithi. Zunguka kingo kwanza, kisha panda juu ya vyuma, ndivyo utakavyomaliza haraka. Ubao wa upelelezi wa sehemu ya 4 ni mrefu: unalinganisha ujumbe wa simu, picha na karatasi ya hesabu yenye majina ya siri. Anza na kutambua nani ni nani kwenye karatasi ya majina, kwa sababu bila hiyo ujumbe wa simu hauna maana. Ndoto mbaya ya sehemu ya 5, unapojificha usionwe na watu wenye tochi, inaendelea muda mrefu kuliko inavyostahili. Ukionwa, rudisha wakati mara moja, kwani Max anabaki pale alipofika na huanzi upya.

Mazungumzo ya vijana yana lugha ya mtaani ya Marekani iliyotiwa chumvi mno, na kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki baadhi ya maneno yatapita bila kueleweka. Washa maandishi ya chini ya skrini tangu mwanzo. Kiswahili hakimo. Midomo haiendi na sauti katika toleo la asili, ingawa sauti zenyewe ni bora: Hannah Telle kama Max, Ashly Burch kama Chloe. Muziki wa Jonathan Morali, gitaa la taratibu, unafaa kuachwa ucheze kila Max anapoketi kwenye benchi. Keti. Kusikiliza anachokiwaza hakukugharimu kitu.

Mwisho una njia mbili, na moja imepewa muda na uangalifu mwingi kuliko nyingine. Anayechagua ile fupi atahisi ameadhibiwa na watunzi. Tena, maamuzi mengi madogo ya sehemu za awali hayaubadilishi mwisho. Ukiingia ukitarajia matawi kumi ya hadithi, utaumia.

Kuhusu kununua. Toleo la asili kwenye Windows linahitaji prosesa ya kori mbili ya GHz 2.0, RAM ya GB 2, kadi ya picha yenye MB 512 na nafasi ya GB 15. Kadi za Intel zilizojengwa ndani ya kompyuta hazikupendekezwa, hasa zile za zamani. Punguza ubora wa picha kama inasuasua. Sehemu ya 1 imekuwa ya bure tangu Julai 2016, kwa hiyo ipakue hiyo kwanza uone kama mashine yako inaiweza kabla ya kutoa pesa wala kumaliza bando kwa zilizobaki. Intaneti inakuwa na kazi mwishoni mwa kila sehemu, unapoonyeshwa wachezaji wengine duniani waliamua nini. Kwenye simu ilitoka Desemba 2017 kwa iPhone na Julai 2018 kwa Android, lakini kugusa skrini kunachosha kwenye matukio ya haraka.

Toleo lililoboreshwa la 1 Februari 2022 lina nyuso zinazosogea vizuri zaidi na linakuja pamoja na Before the Storm, hadithi ya Chloe akiwa na miaka 16, bila nguvu ya wakati. Linahitaji mashine nzito zaidi, na mwanga wake umepoteza ile rangi ya jioni ya toleo la asili. Mwenye laptopu ya kawaida achukue la asili bila kusita.

Umri uliowekwa na PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, ni 16. Kuna bunduki, dawa za kulevya, utekaji na mawazo ya kujiua, na mzazi anayeona jalada lenye wasichana na kamera asidhani ni gemu ya watoto.

Kila sehemu huchukua saa mbili hadi tatu na ina picha 10 za hiari za kupiga, jumla 50. Usizitafute mara ya kwanza. Baada ya kumaliza kuna hali maalumu ya kukusanya inayokurudisha kwenye eneo lolote bila kugusa maamuzi yako.