Ibada ya nyumbani Ngamiani, Tanga: nimesali hapo miezi nane, haya ndo maoni yangu

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nitasema nimeikata wapi.

Watu wengi mmekua mnanitumia meseji mnauliza kama hii ibada ya sebuleni ninayosali ni kanisa kweli au ni kikundi tu cha maombi, sa bora niandike mara moja wote msome. Ni nyumba ya kawaida tu, jina la mwenyewe siliweki mana hapo ni kwa watu. Ukifika mlangoni unakutana na ndala na kobazi zimejaa mpaka kwenye matairi ya baiskeli za watu, unavua unaingia. Sofa zote zinatolewa uani kila Jumapili saa 9, inatandikwa mikeka, na cherehani ya mama mwenye nyumba inazamishwa ndani ya meza yake, juu anatandika kanga safi, hiyo ndo meza ya Bwana. Tunakua watu ishirini na kitu ukihesabu na watoto.

Saa 10 jioni tunaanza na nyimbo, kinanda hakuna, ni kayamba na makofi, anayeujua utenzi anauanzisha wengine wanadakia. Alafu neno, na hapa ndo pameniteka. Mzee anayeongoza anasoma, anaeleza kidogo, alafu anauliza nani ana neno, ananyamaza kweli anasubiri. Ndo ile Paulo aliyowaandikia Wakorintho, 1 Kor 14:26, mkutanapo kila mmoja ana zaburi, ana fundisho. Kuna bibi anauza mihogo ya kukaanga, siku tunasoma yule mjane aliyetoa senti zake mbili hekaluni akasema mimi nikirudi na elfu tatu jioni naijua ile mia tano ya mwisho inavyouma kuitoa, na huyu mama katoa zote. Hakusema kingine. Mimi mahubiri ya sadaka nimeyasikia tangu mtoto lakini siku hiyo nililia.

Mkate ni boflo moja, tunamegeana kwa mkono, na juisi ya rozela kwenye vikombe. Baada ya hapo tunakula, kila mtu kaja na alichonacho, wali, samaki, mwingine machungwa tu ya Muheza, na wakati wa kula ndo mambo yanatoka, nani kafukuzwa kazi, nani mtoto wake hajarudi shule. Mimi nilikotoka, kanisa kubwa tu na kwaya nzuri, nilijifungua kwa opereshen nikakaa ndani wiki sita na hakuna aliyeniulizia, sio kwamba ni wabaya, watu ni wengi mno hakuna anayejua nani hayupo. Huku nilikosa Jumapili moja tu, Jumatatu asubuhi bibi wa mihogo yuko mlangoni kwangu anapiga hodi, namwamkia shikamoo anajibu marahaba mwanangu, jana ulikua wapi.

Kwa wanaosema ni kanisa la mtaani limezushwa juzi, someni Warumi 16:5, Paulo anasalimia kanisa lililo nyumbani mwa Priska na Akila, na Filemoni naye kanisa lilikua kwake. Mzee wetu alituonyesha picha za nyumba moja ya zamani Syria, mji wa Dura-Europos kando ya mto Frati, waliifukua miaka ya 1930, ni nyumba ya mtu kabisa ila Wakristo wa karne ya tatu walivunja ukuta kati ya vyumba viwili wapate nafasi, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo. Nilipoiona nikaangalia zile sofa uani nikasema kumbe ni kazi ile ile. Majengo makubwa yalikuja kushamiri baada ya Konstantino kuwapa Wakristo uhuru mwaka 313. Na jirani yangu Mkatoliki alinikumbusha wao jumuiya ndogo ndogo za majumbani maaskofu wa Afrika Mashariki wamezihimiza tangu miaka ya 1970, kwaiyo sio kitu kigeni ata kidogo.

Usajili niliulizia mapema mana jumuiya za dini zinasajiliwa kwa Msajili, Wizara ya Mambo ya Ndani, hawa wako chini ya kanisa lenye usajili na nilionyeshwa karatasi. Sadaka inahesabiwa mbele yetu inaandikwa kwenye daftari na daftari linakaa wazi. Ukienda kwingine uliza hayo mawili kabla hujakaa.

Kuhusu majirani, mtaa wengi ni Waislamu na tunaishi vizuri. Kuna siku mgeni alikuja na spika kubwa, jirani ana mama mgonjwa akaja kulalamika, na alikua na haki. Mama mwenye nyumba alienda kuomba radhi usiku ule ule, na spika haijarudi tena. Magharibi ikiadhiniwa tunakua tumeshafika kwenye kula.

Sa ile nyota moja. Kwanza kuna siku mafundisho yanavutwa mno, chumba kina joto, watoto wanalala juu ya mikeka, na wakubwa tunasinzia, na Matendo 20 tunamjua Eutiko aliyesinzia Paulo akihutubu akadondoka kutoka ghorofa ya tatu, kwaiyo wazee wetu walione hilo. Lakini kubwa ni kwamba kila kitu kimemwelemea mama mmoja. Yeye ndo anafagia, anatoa sofa, anachota maji, anaosha vyombo tukishaondoka, na alipougua malaria Jumapili mbili hatukusali kabisa, nikaona hapana, kanisa la nyumbani haliwezi kua nyumba moja. Nililisema palepale wakati wa neno, mzee akakubali tuzunguke kwa zamu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ni kwangu. Mikeka miwili nimeshaazima, bado ndoo kubwa ya maji.