Drafti ya fundi wa Mwanjelwa

Hii drafti, ule ubao wa mchezo wa kete, niliinunua elfu saba kwa fundi seremala pale Mwanjelwa, Mbeya, 2020, shule zimefungwa Machi kisa korona na watoto wako ndani mpaka Juni 29, hatukufungiwa kama wenzetu Uganda ila mke wangu alishapiga marufuku mtu kuvuka geti. Ubao wa paini, mzito, mraba mmoja umeenda upande kabisa sijui alipaka gizani, kete hakuna unaokota vizibo vya soda mwenyewe. Rangi ilianza kubanduka wiki ya pili. Lakini aisee, ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, blanketi magotini, chai ya tangawizi, dogo wa darasa la tatu anaingiza kingi, yaani kete yake imefika mwisho wa ubao upande wangu, huku ananicheka! Ningechukua mbili, waligombania sana.