Programu za mikroarei: ipi uanze nayo, ipi uilipie

Kwenye mikroarei, yaani chipu inayopima maelfu ya jeni kwa mpigo, sampuli za wagonjwa zikichakatwa siku moja na za wazima siku nyingine, hakuna programu, hata iwe ghali vipi, itakayotenganisha athari ya ugonjwa na athari ya siku. Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza si uzuri wa picha. Natazama kama programu inakudai mpango wa jaribio kabla ya kukupa majibu.

Kwa kigezo hicho, namba moja ni limma, iliyomo kwenye Bioconductor, mradi wa lugha ya kompyuta ya R ulioanza mwaka 2001. Ni bure. Lazima uieleze kila sampuli ni ya kundi gani, na siku ya uchakataji unaweza kuiingiza kwenye hesabu. Uwezo wake huonekana hasa kwenye majaribio madogo. Ukiwa na sampuli tatu tu kila upande, mtawanyiko wa vipimo vya jeni moja haukadiriki vizuri, kwa hiyo limma hukopa taarifa kutoka kwa maelfu ya jeni nyingine kwenye chipu hiyohiyo. Kwa wenye bajeti ndogo, hilo ni jambo kubwa mno. Picha utachora kwa ComplexHeatmap, bure pia. Utakacholipa ni muda wa kujifunza R. Kama huna muda huo na data unazozitaka tayari ziko kwenye GEO, hifadhi ya wazi ya data za jeni, tumia GEO2R kwenye tovuti ya NCBI, kituo cha Marekani kinachoitunza hifadhi hiyo. Huendesha limma bila wewe kuandika msimbo.

Namba mbili ni TAC ya Thermo Fisher: bure, ya kubofya, ila imetengenezwa kwa chipu za Affymetrix. Kama ndizo ulizonazo, inatosha.

Tatu ni GeneSpring ya Agilent, ambayo ina leseni ya kulipia. Naiona inafaa pale tu ambapo watu wengi wa maabara hawaandiki msimbo na wataitumia mara kwa mara.

Java TreeView naiweka mwisho. Ni ya kutazama makundi ya jeni, basi.

IGV ya Broad Institute siipangi na hizi, maana kazi yake ni nyingine: kuonyesha data juu ya kromosomu. Kama unatafuta vipande vya DNA vilivyopotea au kuongezeka, uwe nayo tu.

Kabla ya kulipia leseni yoyote, omba kipindi cha majaribio, ingiza data zako mwenyewe, kisha jaribu kuzitoa kama faili la maandishi la kawaida. Ikishindikana, usinunue: leseni ikiisha, kazi yako itabaki imefungiwa humo.