Mikwaruzo kwenye meza ya mbao: ununue nini kwanza

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema meza yako imekwaruzika, kuna uwezekano mkubwa utauziwa kopo la vanishi na karatasi za msasa. Hivyo viwili mimi naviweka karibu na mwisho. Nta usipoipenda unaifuta kwa kitambaa chenye tapentaini, lakini mbao iliyokwisha kuliwa na msasa hairudi. Na kama juu ya meza ni vinia, yaani utando mwembamba wa mbao uliogundishwa juu ya ubao mwingine, ambao mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, utajikuta umetokea kwenye chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa) bila kutarajia. Kwa hiyo mpangilio huu haufuati bei wala sifa zilizoandikwa kwenye kopo. Nimetanguliza vinavyofutika.

Kabla ya kutoa pesa, pima mkwaruzo wenyewe. Pitisha kucha kwa kuukatiza: isipokwama, ni vanishi tu iliyoparuzwa. Kisha pakaza maji kidogo kwa kidole, uutazame ungali na unyevu. Ukipotea kabisa, nta itatosha. Ukibaki umepauka, unahitaji rangi. Kucha ikizama kama kwenye mfereji, hapo ni kazi ya kujaza.

1. Nta yenye rangi

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na kwa nyumba nyingi itamaliza kazi. Tafuta nta ya fanicha ya rangi ya hudhurungi, iliyotengenezwa kwa nta ya nyuki, au iliyochanganywa na nta ya kanauba kutoka Brazil, ambayo ni ngumu zaidi na hung'aa vizuri. Futa vumbi, chota nta kidogo kwa kitambaa cha pamba, isugue kwa kukatiza mkwaruzo ili iingie ndani, kisha malizia kwa kufuata mishipa ya mbao. Acha ikauke kidogo, ndipo ung'arishe kwa kitambaa kingine kikavu.

Kwenye rangi ndipo wengi wanapokosea. Mninga hauna rangi moja. Una hudhurungi ya dhahabu na mistari iliyokoza. Mvule mpya una umanjano, na miaka inavyopita unazidi kukoza. Basi linganisha na meza ilivyo leo, usilinganishe na kipande kipya ulichookota kwa seremala. Ukisitasita kati ya rangi mbili, anza na iliyo nyepesi, kwa kuwa kukoleza ni rahisi kuliko kupunguza.

Kama nta ya fanicha haipatikani mtaani kwako, kiwi ya viatu ya hudhurungi inafaa, maana nayo ni nta na rangi. Itumie kwenye miguu ya meza, pembe za kabati na fremu za mlango. Usiipake kwenye kiti cha kukalia wala kwenye mikono ya kochi, kwani joto la mwili huilainisha ikachafua nguo. Na wenye njia ya kupata nta ya nyuki safi, kama ile ya Tabora, wanaweza kutengeneza yao: iyeyushe kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto (huyeyuka karibu nyuzijoto 63), zima moto kabisa, toa bakuli peleka nje, ndipo uongeze tapentaini kidogo kidogo hadi iwe laini. Mvuke wa tapentaini hushika moto, kwa hiyo usifanye haraka hapo.

2. Vijiti vya nta ngumu

Hivi ni vya mfereji na vitundu. Unalainisha ncha kwa joto, unajaza, kisha unakwangua ziada kwa kipande cha plastiki kama kadi ya simu iliyokwisha. Nunua pakiti yenye rangi kadhaa, kwa sababu kwenye mninga utahitaji kuchanganya mbili. Kwa meza ya kulia chakula, epuka vilivyo laini mno. Sufuria ya moto ikikaa juu, nta itayeyuka.

3. Kalamu za kugusia

Ni kalamu zenye wino wa rangi ya mbao. Nzuri kwa kona na mistari myembamba, hasa kwenye fanicha za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Chora ndani ya mkwaruzo tu, na ufute papo hapo kilichomwagika pembeni. Wino ukikauka juu ya mbao iliyo wazi, hautoki.

4. Puti ya mbao

Pale tu ambapo kipande kimeng'oka. Wengi huchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe. Gundi hiyo haipokei rangi, na vanishi ikipita doa linajionyesha. Ukinunua puti, chagua iliyokaribiana na rangi ya mbao tayari. Kama mbao imebonyea bila kukatika, na si vinia, kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto kiasi huweza kuinua nyuzi zake, ingawa vanishi ya mahali hapo itaharibika.

5. Msasa na vanishi

Vinunue uso wote ukiwa umechakaa. Safisha kwanza nta yote kwa tapentaini, la sivyo vanishi haitashika. Anza na msasa namba 240, malizia na 320, ukifuata mishipa. Jaribu pia chini ya meza ujue ilipakwa nini: tone la spiriti likilainisha ung'avu, hiyo ni sheleki, thina ikiuyeyusha, huenda ni laka (zote mbili ni aina za mipako ya kung'arisha mbao). Mtiki una mafuta ya asili, hivyo ufute kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka. Kwa vinia, mwite fundi. Waliozoea kazi hii utawapata Keko kwa wa Dar es Salaam, au Gikomba kwa wa Nairobi.

Vya kuacha

Dawa za kupuliza zenye silikoni. Zinang'arisha siku hiyo, lakini fundi akija kupaka vanishi baadaye, itajikunja vidoavidoa. Mafuta ya kitani ni mazuri kwa mbao isiyo na vanishi, ila hayafunikii mkwaruzo kwenye meza iliyokwisha pakwa. Ukiyatumia, tandaza vitambaa vyake nje vikauke, kwa sababu vikiachwa vimefumbatwa huzalisha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.