Fotokopi ya pale Sofia, Busia: naipa nyota nne, na sababu ni ile benchi ya nje

Hii nimeahidi kuiandika tangu 2022 na kila siku nasema kesho. Juzi jirani yangu ambaye mtoto wake amevunjika mguu kaniuliza karatasi za shule atazipata wapi, nikajikuta nimeongea karibu nusu saa, nikasema basi wacha niandike na wengine wasome. Ni duka dogo la fotokopi upande wetu wa Uganda, karibu na soko la Sofia hapa Busia mpakani na Kenya, mashine mbili, mwavuli, benchi moja ya mbao nje. Ukipita mbio hulioni. Fotokopi yao ya kawaida ni kama ya kwingine kokote kwa hivo hiyo sitaisemea sana, mi nataka kusema kazi waliyofanya kati yetu wazazi na walimu shule zilipofungwa.

Mnakumbuka Machi 2020 shule zilifungwa hata kabla mgonjwa wa kwanza wa korona hajatangazwa hapa kwetu, tukaambiwa mwezi mmoja, ikaja kuwa karibu miaka miwili maana masomo ya wote yalirudi kabisa Januari 10, 2022. Binti yangu alikua P6 (darasa la sita), kijana P2. Shule yao ikafungua grupu ya watsap, mwalimu anapiga picha ubao anatuma. Sasa simu ya tachi nyumbani ni moja, ya baba yao, na yeye ni dereva wa lori, wakati ule madereva walikua wanapimwa na kungoja majibu mpakani siku na siku, simu iko naye huko kwenye foleni. Hata akiwa nyumbani kuna OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya wakati ule, shilingi 200 kila siku, halafu data juu yake, halafu picha inafunguka haionekani vizuri. Na mimi biashara yangu ilikua ya kuvuka mpaka na mpaka umefungwa, pesa ya data inatoka wapi?

Zile karatasi za serikali za kujisomea, za NCDC (taasisi ya mitaala), zilipita kwa viongozi wa vijiji na zingine kwenye magazeti, ila kwetu zilifika chache mno, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, alikua na seti tukagombania nyumba kwa nyumba. Redio tulizoahidiwa sisi hazikutufikia. Tulikua na yetu ya zamani, tukasikiliza masomo, lakini mwalimu wa redio haoni mtoto amekwama wapi, anaenda tu. Na hapa mpakani stesheni za Kenya ndo zinashika vizuri zaidi, binti akawa anasikiliza somo la watoto wa Kenya ambalo silo la kitabu chake.

Ndo hapo mama mwenye fotokopi akaanza. Yeye alichukua ile seti moja ya LC akaitoa kopi, shilingi 100 kwa ukurasa, na hiyo peke yake ingekua biashara ya kawaida. Ila mwalimu wa hesabu wa shule ya watoto wangu alikua hana mshahara tangu shule ifungwe, anauza mkaa, akaja pale kutoa kopi ya kitu chake, wakaongea, na kuanzia wiki iliyofuata akawa anaandika maswali kwa mkono kila Ijumaa na kuyaacha dukani, sisi tunanunua kopi, mtoto anafanya kwenye daftari wikendi na mwanzo wa wiki, na Jumatano mwalimu anakuja anakaa pale benchi na peni nyekundu anasahihisha. Kwenye kila kurasa tuliyolipia yeye anapata sehemu yake. Walimu wengine wawili wakaongezeka baadaye, wa saiansi na wa SST (maarifa ya jamii).

Lakini kilichonifanya nipende huduma hii ni ile karatasi ndogo. Kila daftari lilirudi na kikaratasi kimebanwa ndani, mwalimu ameandikia mzazi, mistari miwili mitatu, kwa Kiswahili ndo sote tusome, maana hapa kuna Wasamia, Waiteso, Wanubi, watu wa kila aina. Na chini ameacha nafasi ya mzazi kujibu. Kwa miaka yote watoto wangu wamesoma, mwalimu alikua hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya fizi, yaani karo. Nikaandika kikaratasi cha kwanza kwamba binti anafanya kazi usiku kwa mwanga wa koroboi kwa sababu mchana tunakaanga maandazi ya kuuza, ndo maana mwandiko ni mbaya, sio uvivu. Wiki iliyofuata maswali yake yakapunguzwa kutoka ishirini hadi nane na mwalimu akaandika "Hayo nane yanatosha mama, nataka aonyeshe njia". Nilikisoma kile kikaratasi mara nyingi, nawaambia ukweli.

Halafu ikaja Januari 2021. Kenya wamefungua shule zote tarehe 4, na sisi hapa ukisimama barabarani unaona watoto wa upande wa pili wanapita na yunifomu na mabegi, wetu wako nyumbani. Binti yangu alisimama akaangalia siku tatu mfululizo. Ya nne akakataa kuandika. Akaniambia mama hawa wanasoma mimi nakaanga maandazi, nitaandika ya nini? Jumatano nikapeleka daftari tupu, nimeandika kikaratasi kueleza, naona aibu hata kumtazama mwalimu. Mwalimu akajibu hivi, kikaratasi bado ninacho: "Wiki hii asiandike. Jumatano aje akae na mimi, anisaidie kusahihisha za P4."

Akaenda. Mwalimu akampa peni nyekundu. Amekaa pale benchi toka saa nne hadi saa nane, barakoa usoni, anatia tiki na kosa kwenye hesabu za watoto wadogo, na pale mtoto amekosa mwalimu anamuuliza, unafikiri huyu alikosea wapi, naye anaeleza. Alirudi nyumbani anaongea. Jioni hiyohiyo kachukua daftari lake mwenyewe. Jumatano zilizofuata akawa anaenda kila wiki mpaka Machi P6 waliporudi darasani. Juni zikafungwa tena, na safari hii sikulazimika kumwambia kitu, alijua njia ya fotokopi.

Sasa mabaya, maana yapo.

Tona. Mwisho wa mwezi kopi zinafifia, na kwenye michoro ni mbaya kabisa, pembetatu inakuja doa jeusi na namba hazionekani. Nimerudisha karatasi mara tatu, walinibadilishia bila maneno, lakini kuna mzazi anaishi mbali hawezi kurudi kwa ajili ya ukurasa mmoja. Umeme ukikatika mnangoja kwa sababu jenereta hawana. Na kuna siku madaftari mawili yalichanganywa, la kijana wangu likaenda kwa watu wengine wiki nzima, mpaka leo nasema waandike jina juu na ndani pia.

Kwa watoto wadogo huduma hii ilikua dhaifu, hapo siwezi kuficha. Mtoto wa P1 au P2 hawezi kusoma swali mwenyewe, anahitaji mtu wa kukaa naye, na mzazi ambaye yuko sokoni kutwa au hakusoma atafanyaje? Kijana wangu alipoteza sana. Januari 2022 watoto walipandishwa madarasa wote, yeye akaingia darasa la mbele akiwa bado anaunganisha herufi kwa shida, na tumekua tukimsaidia polepole tangu hapo. Laiti wangepanga hata saa moja ya wadogo pale benchi, mtu mmoja awasomee maswali.

Na bei. Shilingi 100 unaona ni kidogo, lakini mwenye watoto watano na kila mmoja kurasa sita kwa wiki ni 3,000, na wakati ule 3,000 ilikua posho ya siku nzima. Mama wa duka aliwakopesha wengi, nimeona daftari lake la madeni, na wengine najua hakuwadai. Ila asiyejulikana pale alilipa au alikosa.

Mwishoni mwa 2022 Ebola ilipoingia Mubende na serikali ikafunga shule mapema, Novemba 25 badala ya Desemba 9, pale dukani walikua tayari. Binti alikua ameshamaliza PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wiki mbili kabla. Mimi niliogopa kushika madaftari ya watu, nikamwambia mama wa duka, hakuniona mjinga, aliweka ndoo ya maji ya bomba na sabuni pale mbele na kila anayeleta ananawa kwanza.

Hadi leo wanaendelea, si kwa shule nzima tena. Ni kwa mtoto mgonjwa, au yule aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya fizi. Mwalimu wa hesabu amerudi darasani lakini Jumatano jioni utamkuta.

Kwa jirani yangu na wengine mnaotaka kwenda: maswali yanapatikana kuanzia Ijumaa mchana, Jumamosi asubuhi kuna foleni, bora Ijumaa. Nenda na daftari la jalada gumu, ya karatasi laini yanachanika yakipangwa. Angalia kila ukurasa kabla hujatoka, hasa wenye michoro. Na kama huwezi kuandika usiache kikaratasi chako tupu, mwambie mama wa pale unachotaka mwalimu ajue, anakuandikia kama unavyosema, na hiyo hatozi pesa.