Feni ya kompyuta: ya bushi au ya gololi?

Kompyuta ya dukani kwangu Kirumba, Mwanza, ikiwaka, feni yake huvuma kama roketi, na mjomba hucheka: "Hiyo Uhuru inaruka!" Anaikumbuka ile setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwa roketi ya Scout, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Basi nikaanza kusaka feni tulivu.

Ya bushi, ambayo ekseli yake huzunguka ndani ya kibomba chenye mafuta, bei yake nafuu, na ikiwa mpya huisikii kabisa. Kwa ukimya imeshinda. Shida ni joto: mafuta yake hukauka, ikaanza kukwaruza, hasa ikifungwa kwa kulazwa. Yangu niliifungua nikakuta ekseli kavu, vumbi na wadudu wa ziwani wamegandana kwenye mapanga. Tone la mafuta ya cherehani liliituliza kwa muda tu.

Ya gololi, ambayo ekseli yake huzunguka juu ya vigololi vidogo, huvumilia joto, ifunge ilale au isimame, na hudumu zaidi. Ila bei iko juu, na ina mvumo kidogo hata ikiwa mpya.

Usafi? Zote brashi, wadudu hawachagui.

Kompyuta ya chumba unacholala, weka bushi. Ya stesheneri inayowaka kutwa, gololi. Mimi nimefunga gololi, na mjomba bado anahesabu: tatu, mbili, moja.